Livingstone na Milango ya Mito

Mwanachuo anayekwenda kwa mara ya kwanza katika mazoezi ya kufundisha hubeba maandalio ya masomo yaliyopangwa vizuri, na mara nyingi hurudi na swali moja ambalo halikuwamo katika maandalio hayo. Langu lilitoka kwa mtoto wa darasa la tano. Nilikuwa nimechora ubaoni mto Ruvuma kwa chaki ya buluu, tangu milima ya Matogoro karibu na Songea hadi baharini, na pwani nimeichora kwa mstari mmoja mweupe. Mtoto yule akataka kujua kwa nini mstari uko pale na si mahali pengine. Alieleza kwamba babu yake alikuwa mvuvi katika mto mwingine wa pwani, na kwamba huko maji ya mto huwa ya chumvi wakati wa kujaa, kisha hurudia ubaridi wake yanapopwa. Basi mto unaishia wapi, penye chumvi au pasipo chumvi? Nilimjibu kwamba mto huishia pale ramani inapoonyesha. Akakaa. Somo likaendelea, lakini nilijua kwamba sikumjibu.

Makala haya yametokana na jibu lile baya. Ndani yake nitasimulia maisha ya David Livingstone, tena kwa upande mmoja tu, yaani kama mtu aliyehangaika miaka mingi kujua mito inaishia wapi. Najua kwamba jina hili limekwisha kuchosha masikio ya baadhi ya wanachuo. Vitabu vya zamani vilimsifu kupita kiasi, na vilivyofuata vikamwonyesha kuwa mtangulizi wa ukoloni, jambo ambalo lina ukweli wake. Hapa simhitaji kama shujaa wala kama mshtakiwa. Namhitaji kwa sababu aliona ramani iliyokosea mlango wa mto, akaenda kupima, akasahihisha. Kisha yeye mwenyewe akakosea mahali ambapo hakupima. Mwalimu wa Jiografia hupata nadra sana mfano ulio wazi namna hiyo katika maisha ya mtu mmoja.

Livingstone alizaliwa tarehe 19 Machi, 1813, katika kijiji cha Blantyre huko Scotland, karibu na mto Clyde. Jamaa yake walikuwa maskini. Alipokuwa na umri wa miaka kumi alianza kazi katika kiwanda cha nyuzi za pamba, akifanya kazi tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi saa mbili usiku, na baada ya hapo akihudhuria shule ya jioni. Sehemu ya mshahara wake wa kwanza aliitumia kununulia kitabu cha sarufi ya Kilatini, akakiegemeza juu ya mashine ili asome sentensi moja moja kila alipopita mbele yake. Baadaye alisomea udaktari mjini Glasgow, akajiunga na Chama cha Misheni cha London, na mwaka 1841 akafika Afrika ya Kusini.

Safari hiyo ya baharini ilimpa ujuzi ambao utatuhusu sana. Nahodha wa merikebu alimfundisha kupima mahali alipo kwa kutazama jua, mwezi na nyota. Mwaka 1852, akiwa Cape Town, alirudia masomo hayo kwa bidii chini ya Thomas Maclear, mnajimu wa serikali, ambaye tangu hapo alipokea hesabu zake na kuzikagua. Kwa hiyo Livingstone aliposema kwamba kijiji fulani kiko mahali fulani, palikuwa na mtu wa pili, mbali kabisa na kijiji hicho, aliyeweza kupitia hesabu na kuona kama zimekosewa. Nawaomba wanachuo walikumbuke jambo hili. Sisi pia tunapowatuma watoto kupima uwanja wa shule tuwatume wawili wawili, na kila kundi lipitiwe na jingine.

Miaka ya kwanza ya kazi yake ya misheni naipita upesi. Alimwoa Mary Moffat mwaka 1845, akafika ziwa Ngami mwaka 1849, na mwaka 1851 akauona mto Zambezi kwa mara ya kwanza karibu na Sesheke, katikati ya bara, mahali ambapo ramani za Ulaya wakati huo hazikuonyesha mto mkubwa wowote. Wenyeji wa bonde lile waliujua vizuri, waliuvuka kwa mitumbwi na waliuishi. Jambo ambalo mtu mmoja hakuweza kulieleza lote ni njia yake kamili, tangu pale hadi baharini. Livingstone akaamini kwamba kama mto ule unafika bahari ya mashariki bila kizuizi, merikebu zingeweza kuupanda, biashara halali ingeingia bara, na biashara ya watumwa ingekosa nguvu. Tangu siku hiyo swali la mlango wa mto likawa kwake swali la maisha ya watu.

Kabla ya kuufuata mto kwenda mashariki alitafuta njia ya magharibi. Akiwa na watu 27 waliotolewa na Sekeletu, mtawala wa Makololo, aliondoka Linyanti mwezi wa Novemba 1853 na kufika Luanda mwisho wa Mei 1854. Wale wenzake walikuwa hawajapata kuona bahari. Walikuwa wamefundishwa na wazee wao kwamba nchi haina ukomo, na ghafla wakasimama mahali ambapo nchi kavu imekwisha. Walilieleza jambo hilo kana kwamba dunia yenyewe ndiyo iliyowaambia habari hizo. Watoto wa shule za bara, ambao hawajaona bahari, huelewa habari hii mara moja. Ni mwanzo mzuri wa somo kuliko kuandika ubaoni maana ya neno pwani.

Livingstone hakupanda merikebu kurudi kwao. Aliwarudisha watu wale kwao kwanza, kisha mwezi wa Novemba 1855 akaanza kuufuata Zambezi kuelekea mashariki, safari hii pamoja na watu zaidi ya 100. Tarehe 16 Novemba alifika kwenye maporomoko yanayoitwa na wenyeji Mosi-oa-Tunya. Mapema mwaka 1856 alikaribia Tete. Kabla ya kufika huko, akiwa amechoka na chakula kimepungua, aliacha kingo za mto akapita njia ya mkato. Alisikia kwamba katika kipande kile cha mto pana maji yaendayo kasi penye miamba, mahali paitwapo Kebrabasa, lakini hakwenda kupatazama. Tutarudi Kebrabasa.

Kutoka Tete aliteremka hadi Mazaro, mahali ambapo delta ya Zambezi huanza. Na hapa ndipo swali letu linapoingia. Katika ramani za Wareno, mlango wa Zambezi ulikuwa Quelimane. Ni mji wa zamani. Vasco da Gama alitia nanga katika mto wake mwezi wa Januari 1498, miezi michache kabla ya kufika Malindi, na kuuita mto huo Mto wa Ishara Njema. Livingstone, akiwa njiani kwenda Quelimane huku akiumwa homa, alitazama kwa macho yake uhusiano kati ya mito hiyo miwili. Aliona kwamba palipotakiwa kuwa na mkono mkubwa wa Zambezi palikuwa na mfereji mwembamba uitwao Mutu, uliojaa majani, ambao kwa sehemu kubwa ya mwaka haukuwa na maji ya kubeba mtumbwi. Mto wa Quelimane ulipata maji yake kutoka vijito vingine. Zambezi wenyewe, ukiwa mpana mno, uligeuka na kuelekea kusini, ukaingia baharini kwa milango kadhaa iliyo zaidi ya kilomita 100 kutoka Quelimane.

Kwa nini basi ramani zilisema hivyo? Livingstone baadaye alidai kwamba kosa lile lilifanywa kwa makusudi, ili manowari za Waingereza zilizokuwa zikizuia usafirishaji wa watumwa zilinde Quelimane, na huku majahazi ya watumwa yakipakia katika milango halisi bila kusumbuliwa. Shutuma hiyo iliwaudhi sana wakuu wa Kireno. Mimi naona palikuwa na sababu ya pili, na haihitaji mtu mbaya. Wakati wa mafuriko makubwa mfereji wa Mutu ulipitisha maji, na wafanyabiashara walikuwa wamezoea kutumia njia hiyo, kwa mitumbwi na kwa kubeba mizigo kichwani mahali palipokauka. Kwa mfanyabiashara, mlango wa mto ni mahali mizigo inapotokea. Kwa nahodha ni mahali penye kina cha kutosha merikebu isikwame. Kwa mtu anayepima maji ni mahali maji mengi zaidi yanapomwagika. Watu hawa watatu wakitoa penseli juu ya karatasi moja, kila mmoja ataweka alama yake mahali pake, na hakuna atakayekuwa amesema uongo mpaka atakapodai kwamba alama yake ndiyo ya wote.

Yalimpata mambo mengine Livingstone pale Quelimane ambayo ramani haiwezi kuyaonyesha. Watu wake aliwaacha Tete wamsubiri, lakini mmoja, Sekwebu, aliyekuwa mkalimani wake na mjuzi wa lugha za bonde la Zambezi, alikubaliwa kwenda naye Uingereza. Walipokuwa wakivuka fungu la mchanga lililo mlangoni mwa mto, mawimbi yalikuwa makubwa kiasi cha kuifunika mashua. Sekwebu alikuwa hajapata kuona bahari. Katika merikebu alipendwa na mabaharia, akajifunza maneno ya lugha yao. Lakini siku nyingi za mawimbi na mambo mageni zilimlemea akili, na walipofika Mauritius mwezi wa Agosti 1856 akajitupa majini, akafa. Mwili wake haukupatikana. Kila ninapofundisha habari za ramani ya Zambezi hutaja jina lake, kwa kuwa mtu aliyewasemesha watu wa mto ule kwa niaba ya Livingstone ndiye aliyewezesha ramani hiyo kuchorwa.

Livingstone alirudi mwaka 1858, safari hii akitumwa na serikali ya Uingereza. Pamoja naye walikuwapo Dr. John Kirk, daktari na mjuzi wa mimea, ambaye baadaye alikuwa balozi wa Uingereza huko Unguja wakati soko la watumwa lilipofungwa mwaka 1873. Thomas Baines, mchoraji. Na Richard Thornton, mjuzi wa miamba. Walileta vipande vya meli ndogo ya mvuke wakaviunganisha. Meli hiyo iliitwa Ma Robert, kwa jina ambalo watu wa kusini walimwita Mary Livingstone kwa kumfuata mwanawe wa kwanza, kama tunavyosema sisi Mama fulani.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuutafuta mlango. Katikati ya Mei 1858 walikuwa mbele ya pwani iliyo chini, yenye mikoko kila upande, ambapo mkono mmoja wa maji hauna tofauti na mwingine kwa mtu aliye baharini. Waliingia kwanza katika mto Luawe, wakaupanda siku kadhaa, wakaona kwamba hauungani na Zambezi kwa njia ya kupitisha meli. Wakatoka. Walitumia mashua ndogo na bildi, yaani kamba yenye risasi nzito ya kupimia kina, wakivuta na kushusha, wakiandika kila pima moja moja, maji yalipojaa na yalipopwa. Hatimaye waliupata mlango wa Kongone. Orodha waliyoiandika ilikuwa na milango minne: Milambe, Kongone, Luabo na Timbwe. Kongone ulikuwa na kina kinachofaa zaidi kupitisha meli juu ya fungu la mchanga, na kwa sababu hiyo ndio uliochaguliwa.

Angalieni neno hilo, uliochaguliwa. Zambezi haukuwa na mlango mmoja uliosubiri kuonekana. Ulikuwa na milango mingi, na maji yalikuwa yakiihamisha mafungu yake ya mchanga kila mwaka. Mwaka 1889 Mwingereza Daniel Rankin alitoa habari za mlango mwingine, Chinde, ulio bora kwa meli kuliko Kongone. Habari hiyo ilibadili siasa. Kama njia pekee ya kuingia Zambezi ilipita Quelimane na nchi kavu, Wareno waliweza kuuita mto wao wa ndani. Kama meli ilitoka bahari kuu na kuingia mtoni moja kwa moja, dai hilo lilipungua nguvu. Mkataba wa mwaka 1891 kati ya Uingereza na Ureno ulikubali uhuru wa meli kupita katika Zambezi na Shire, na Waingereza wakapewa kiwanja cha kupakulia mizigo hapo Chinde. Wenyeji wa delta, waliolima mpunga katika udongo ule mweusi na waliojua kila mkono wa maji kwa jina, hawakuulizwa na upande wowote.

Naomba nikatize simulizi kidogo nieleze zana ninayoitumia hapa, maana darasa likifika Kongone watoto huwa tayari kwa jaribio. Chukua chupa kubwa ya plastiki inayopenyesha mwanga, uikate kwa urefu ili iwe kama hori. Ijaze maji baridi nusu. Katika kikombe koroga chumvi nyingi pamoja na matone machache ya wino. Kisha mimina maji hayo ya chumvi polepole sana katika ncha moja. Watoto wataona maji yenye wino hayachanganyiki mara moja. Yanazama na kutambaa chini ya maji baridi kama kabari, kwa sababu ni mazito zaidi. Waulize sasa mto umeishia wapi. Aliyetazama juu ataonyesha mahali pamoja, na aliyetazama chini ataonyesha pengine, nyuma zaidi. Katika milango mingi ya mito ndivyo ilivyo: mvuvi anaweza kuteka maji yanayonyweka juu, na wavu wake chini ukashika samaki wa maji chumvi. Kabari hiyo husogea kwenda bara maji yajaapo na hurudi yapwapo, huenda mbali zaidi wakati wa kiangazi, na husukumwa nje wakati wa masika. Nimeona walimu wakilifanya jaribio hili kwa haraka na kumimina yote kwa pamoja. Hapo huoni kitu ila maji ya buluu.

Tulimwacha Livingstone na mlango uliopimwa vizuri. Aliupanda mto hadi Tete, na mwezi wa Novemba 1858 akafika Kebrabasa, pale alipopapita kando miaka miwili nyuma. Alikuta magenge yaliyobana mto na maji yanayoanguka kutoka mwamba hadi mwamba kwa maili nyingi. Hakuna meli ambayo ingepita. Alikwishaiambia serikali na wasomaji wake kwamba mto huo ni njia kuu ya kuingilia bara, na watu walikuwa wamefunga safari kwa kuamini hivyo. Mahali pale leo pamefunikwa na ziwa la bwawa la Cahora Bassa, lililoanza kujazwa Desemba 1974. Bwawa hilo, pamoja na lile la Kariba lililo juu yake, yamepunguza mafuriko na matope yanayofika delta, na delta yenyewe imebadilika.

Mtu aliyewalaumu wengine kwa ramani ya uongo alikuwa ameacha kipande chake mwenyewe bila kukitembelea, akakijaza kwa habari za kusikia. Alichelewa kukubali. Kwa muda aliendelea kusema kwamba meli yenye nguvu zaidi ingepita wakati wa mafuriko. Sioni sababu ya kuwaficha watoto jambo hili.

Gharama ilikuja upesi. Ma Robert, meli dhaifu iliyokula kuni kuliko ilivyotembea, ilizama Desemba 1860. Meli iliyofuata, Pioneer, ilihitaji kina kikubwa kuliko mto ulivyokuwa nao, ikawa inakwama katika mchanga siku nyingi. Mary Livingstone alifika mlangoni mwa Zambezi mwanzoni mwa 1862. Mizigo mizito na maji machache yaliwachelewesha katika nchi ya chini wakati wa homa, na tarehe 27 Aprili mwaka huo akafa huko Shupanga, akazikwa chini ya mbuyu. Askofu Mackenzie wa misheni mpya alikuwa amekufa kwa homa mwezi wa Januari, baada ya mtumbwi uliobeba dawa zake kupinduka.

Katika miaka hiyo Livingstone alitafuta mlango mwingine ulio nje ya mamlaka ya Wareno, akauelekea Ruvuma, mto ule ule wa ubaoni kwangu. Mwaka 1861 aliupanda kwa Pioneer kwa siku chache tu, maji yakapungua, ikabidi arudi. Mwaka 1862 aliupanda kwa mashua, zaidi ya maili 100, mpaka miamba ikamzuia. Aliupenda mlango wake kwa kuwa ni ghuba pana isiyo na fungu la mchanga la kutisha kama lile la Zambezi. Hata hivyo, aliporudi mwaka 1866 na wanyama wa mizigo, mikoko na matope havikumpa mahali pa kuwateremsha, akaenda kutua Mikindani.

Kwa kuwa tumefika Ruvuma, afadhali nimjibu yule mtoto, ingawa nimechelewa. Wajerumani na Wareno walipatana mwaka 1886 kwamba mpaka wao utafuata mto huo tangu mlango wake. Hilo halikuzuia Wajerumani kuteka Kionga, kusini ya mlango, mwaka 1894, na kipande hicho kilirudishwa upande wa Msumbiji baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mto uliotumiwa kama mpaka haukuleta amani kwa kuwa tu ulikuwa wa buluu katika ramani. Tanzania na Msumbiji, zikiwa nchi huru, zilitia sahihi mkataba wa mpaka wa bahari mwezi wa Desemba 1988. Wataalamu wao walichora mstari ulionyooka kuvuka ghuba ya Ruvuma, kutoka Ras Mwambo upande wa Tanzania hadi rasi ya Suafo upande wa Msumbiji, na yote yaliyo nyuma ya mstari huo yakahesabiwa kuwa maji ya ndani ya nchi hizo mbili. Bahari ya mamlaka ya nchi kisheria huanza kuhesabiwa hapo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 unasema vivyo hivyo kwa mito inayoingia baharini moja kwa moja: mstari huvutwa kutoka ukingo hadi ukingo, mahali maji yalipopwa. Ramani za kawaida, kwa upande wao, huichora pwani mahali maji yanapojaa. Basi hata pasipo kuonja chumvi, mchora ramani na mwanasheria hawakutani mahali pamoja.

Safari ya mwisho ya Livingstone, iliyoanza Mikindani mwaka 1866, iliongozwa na swali la mito vilevile. Alitaka kujua chanzo cha Nile. Wengine walidhani kwamba ziwa Tanganyika humwaga maji yake kaskazini kwa mto Rusizi. Mwezi wa Novemba 1871, Livingstone na Stanley, waliokuwa wamekutana Ujiji, walikwenda kwa mtumbwi hadi ncha ya kaskazini ya ziwa, katika nchi ambayo leo ni Burundi, wakatazama. Rusizi ulikuwa unaingia ziwani. Mjadala wa miaka mingi huko Ulaya ulikwisha kwa kutazama upande ambao maji yanakwenda.

Lualaba haukumpa jibu rahisi namna hiyo. Alifika Nyangwe, ukingoni mwa mto huo, mwaka 1871, akaona mto mkubwa sana unaokwenda kaskazini. Alitumaini kwamba ni Nile. Vipimo vyake vya kimo vilimtia wasiwasi, kwa kuwa vilionyesha mahali palipo chini mno, na hofu kwamba huenda anafuata Kongo haikumtoka. Alitafuta mitumbwi ya kuufuata hadi ajue unakotokea, asipate. Tarehe 15 Julai, 1871, aliona wafanyabiashara wa watumwa wakiwapiga risasi watu waliojaa sokoni Nyangwe, wengi wao wanawake, na wengine wakazama mtoni wakikimbia. Hakuweza kukaa tena. Alirudi Ujiji bila kuufuata mto.

Aliendelea kuzunguka katika vinamasi vya Bangweulu hadi nguvu zikamwishia, na tarehe 1 Mei, 1873, alikutwa amekufa katika kijiji cha Chitambo. Wenzake, wakiongozwa na Susi aliyetoka Shupanga, na Chuma, Myao aliyeokolewa kutoka katika utumwa mwaka 1861, waliuzika moyo wake pale pale, wakaukausha mwili na kuubeba kwa miguu hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Walibeba pia daftari na vipimo vyake. Bila wao kurasa zile za Lualaba zingeoza kinamasini.

Stanley aliufuata mto ule na kufika Boma, karibu na bahari ya Atlantiki, mwezi wa Agosti 1877. Ulikuwa Kongo. Na huko nako swali halikwisha, kwani Kongo husukuma maji yake baridi makumi ya kilomita ndani ya bahari, na chini yake pana bonde lenye kina kirefu linaloendelea katika sakafu ya bahari.

Mtoto aliyeniuliza sikumwona tena baada ya mazoezi yale kwisha. Siku hizi, nikifika kwenye somo hili, huichora Ruvuma kwa chaki ya buluu mpaka karibu na pwani, kisha naacha nafasi ya upana wa kiganja. Humwita mtoto mmoja mbele achore mstari, na kabla hajaugusa ubao hutakiwa kuliambia darasa amepima nini: chumvi, kina, mikoko, au maji yalipopwa. Humwita wa pili, na wa tatu. Mistari yote huachwa ubaoni mpaka kengele ilie, na kila mtoto huinakili katika daftari lake pamoja na jina la aliyeichora.